Kurasa Mbili za Kitabu cha Waridi

Waridi binti Lukumani alioka mikate ya mchele kwenye baraza ya nyumba yake, upande wa msikiti, mjini Kasongo. Watu walimjua kwa mikate hiyo. Wateja wake wengi hawakujua kwamba wakati unga ukichachuka chini ya kitambaa, yeye hukaa kwenye mkeka na kusoma. Akisikia hatua za mtu, kitabu kiliingia chini ya nguo yake upesi, na mikono ikarudi kwenye unga.

Alikuwa na vitabu vitatu. Baba yake, Mwalimu Lukumani, ndiye aliyevitunga na kuviandika kwa mkono wake, Waridi alipougua ndui akiwa na miaka saba. Mtoto alifungiwa chumbani miezi miwili, haruhusiwi kucheza nje wala kukaribiwa na wenzake. Kila siku baba alimletea ukurasa mmoja, akauweka kando ya mkeka, akarudi nyuma hadi mlangoni na kumwambia: "Soma. Kesho nitauliza." Kitabu cha kwanza kilikuwa cha wanyama, cha pili cha vitendawili. Cha tatu ndicho kinene. Kilisimulia safari ya msichana mmoja, Zuhura, aliyefuata mto Lualaba akimtafuta kaka yake aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, herufi zake za Kiarabu, na wino wake ulitokana na mchele uliounguzwa, ukasagwa na kuchanganywa na ulimbo wa mti.

Waridi alipona, makovu yakabaki usoni. Baadaye aliolewa na mchuuzi wa mitumbwi wa Nyangwe, akaishi naye miaka kumi na moja, akafiwa naye bila kupata mtoto. Aliporudi Kasongo alijaribu kuwasomesha wapwa zake wawili vitabu vile. Walipiga miayo. Tangu hapo alisoma peke yake.

Mwaka ule wa 1950, masika yalipoanza, ilivuma habari mbaya. Ilisemekana kwamba Serikali inatafuta maandishi yote ya herufi za Kiarabu, kwa kuwa haijui yanasema nini. Ilisemekana mwalimu mmoja wa mji wa mbali alichukuliwa karatasi zake gunia zima, wala hakurudishiwa hata moja. Waridi hakujua kama ni kweli. Alihamisha vitabu vyake kutoka sandukuni hadi darini, na kutoka darini hadi ndani ya chungu kikubwa kilichopasuka mdomo.

Siku hizo ndipo alipoanza kuja Odile.

Odile alikuwa na miaka kumi, mwanafunzi wa shule ya masista, na binti wa Gérard, karani katika ofisi ya teritwari, ile ya mkuu wa wilaya Mbelgiji. Mama yake alimtuma kununua mikate minne kila alasiri. Mtoto huyu alisoma kila alichokiona: karatasi ya sabuni, gunia la chumvi, kopo la mafuta. Siku moja alifika bila kusikika.

"Mama Waridi, ile uliweka chini ya nguo ni kitabu?"

"Ni kitambaa."

"Kitambaa iko na karatasi?"

Waridi akamfungia mikate yake kwenye jani. "Nenda. Mama yako anangoja."

Kesho yake Odile alirudi mapema zaidi. Alikaa kwenye ngazi ya baraza na kuuliza: kitabu kile kinahusu nini? Kina picha? Kiko kimoja au viko vingi? Unakiweka wapi?

Mikono ya Waridi ikasimama katikati ya unga. Maswali manne, na yote yangeweza kuulizwa na baba yake mtoto huyu.

"Nani amekutuma kuuliza hivyo?"

"Hakuna mutu."

"Hata baba yako?"

"Baba hajui. Mama naye hajui. Wakijua, watanikataza kukaa huku."

Jibu hilo halikumtuliza Waridi. Alijiuliza ni mtoto gani wa miaka kumi anayeweza kutunza siri kwa wazazi wake, na kama anaweza, anatunza siri ngapi nyingine. Basi akamjaribu. Alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeropoka, kwamba kitabu hukaa chini ya gunia la mchele, kule pembeni. Kisha akangoja. Kama Odile ametumwa, watu watakuja na kuliinua gunia lile kwanza. Juma moja likapita. Hakuja mtu. Gunia lilikaa palepale, na Odile alifika kila siku, akitupia pembe ile jicho la hamu, asiiguse.

Siku ya nane Waridi alikitoa kitabu cha wanyama na kumwekea magotini.

"Mbona unaanza mwisho?" aliuliza Odile.

"Kwetu hapo ndipo mwanzo. Nyamaza, tazama kidole changu."

Mtoto alizishika herufi kwa majuma sita. Waridi hakuwa ameona jambo kama hilo. Alipogundua kwamba lugha iliyomo ni ileile anayoisema sokoni, Odile alicheka kwa sauti, akasoma mstari uleule mara tano. Alikimaliza kitabu cha wanyama, akakimaliza cha vitendawili, akafika kwa Zuhura. Hapo hakutaka kwenda nyumbani. Alilalama kama mtoto anayeachishwa ziwa.

"Mama Waridi, ukurasa mumoja tu. Aliipata ile ngalawa ao hakuipata?"

"Soma kesho, utajua."

"Na nikikufa leo?"

"Basi utakufa hujui. Haya, chukua mikate."

Waridi alianza kungojea alasiri. Hata hivyo, kila jioni Odile alipoondoka alihesabu vitabu vyake, kimoja, viwili, vitatu, na kukihamisha chungu mahali pengine.

Jambo lililoleta taabu lilikuwa dogo. Masika yalikuwa yamelowesha hewa, na wino wa mchele haupendi unyevu. Odile, kwa pupa ya kufunua kurasa, alilamba kidole kila mara. Waridi alimkemea: "Usilambe! Unakula maneno ya baba yangu." Mtoto aliahidi, akasahau, akalamba tena.

Jumamosi moja Léocadie, mama yake Odile, alimwona binti yake akicheka na kaka zake uani. Akamshika kidevu.

"Fungua kinywa."

Ulimi ulikuwa mweusi kama masizi.

Mtu wa mji mwingine angedhani mtoto amekula zambarau. Léocadie alikulia Kabambare na kuolewa Kasongo. Alijua kombe ni nini. Alijua kwamba walimu wa Kiislamu huandika maneno ya dua kwenye sahani kwa wino, wakayaosha kwa maji, na maji yale akapewa mgonjwa anywe. Kwake yeye maana ilikuwa moja. Yule mwenye mikate anamnywesha mtoto wake dini, kidogo kidogo, kwa siri.

Alifika barazani akimburuta Odile kwa mkono. Fatuma, jirani wa Waridi, alikuwa pale akichagua mikate, na wapita njia wakasimama.

"Unamupa mutoto wangu nini?" Léocadie alipaza sauti. "Sema mbele ya watu! Kila siku naagiza mikate ine, narudishiwa mutoto mwenye kombe tumboni!"

"Mama Odile, karibu ukae kwanza."

"Sikai! Nikikaa utaniletea na mimi kikombe. Odile, toa ulimi. Toa, waone!"

Odile akatoa ulimi huku machozi yakimtoka. Watu wakaguna.

"Mwee, ni mweusi kweli," alisema Fatuma. "Lakini Mama Odile, kombe la kweli linawekwa zafarani, linakuwa la manjano. Hilo jeusi kombe gani?"

"Mimi najua rangi zenu? Kesho nitamupeleka kwa Padri. Na Baba Odile atapeleka maneno kwa Bwana Mukubwa wa ofisi yake."

Waridi aliiona njia panda iliyokuwa mbele yake. Akinyamaza, ataitwa mwanamke anayenywesha watoto wa misioni kombe. Watu wa Serikali watakuja kupekua nyumba, na chungu kilichopasuka kitapatikana. Akisema kweli, itambidi akionyeshe kitabu hapohapo, kwa mke wa karani. Aliingia ndani. Alikaa huko hadi watu wakaanza kusema ametorokea mlango wa uani. Alitoka na kitabu kinene peke yake, akakifungua juu ya mkeka.

"Tia kidole chako maji, Mama Odile, upitishe hapa."

"Sigusi! Unataka kombe liniingie kwa ngozi?"

Kengele ya baiskeli ililia. Gérard, ambaye alikuwa ameitwa na watoto wake, alishuka, akakunja suruali mahali ilipoingia tope, akasikiliza pande zote mbili. Kisha alitoa kitambaa cheupe mfukoni, akakilowesha kwa tone la mvua lililokuwa likidondoka kwenye ukingo wa paa, akakipitisha pembeni mwa ukurasa. Kitambaa kikatoka na doa jeusi.

"Si kombe," alimwambia mkewe. "Mutoto amelamba wino." Watu wakacheka, wakaanza kutawanyika. Lakini Gérard hakucheka. Alikuwa bado anakitazama kitabu.

"Mama Waridi, kimeandikwa nini humu?"

"Hadithi. Baba yangu aliniandikia nilipokuwa mtoto."

"Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu."

Odile aliangalia chini, akachora vumbi kwa kidole cha mguu. Waridi aliliona hilo. Léocadie pia aliliona.

"Sikia," alisema Gérard kwa sauti ya chini. "Tumeagizwa tuandike kila karatasi ya namna hii tunayoiona. Nimekiona, na watu ishirini wameniona nikikiona. Nikikaa kimya, mwenye kunichukia ataenda kusema. Wewe utanisomea, mimi nitaandika kwa herufi za misioni, zile za wazungu. Bwana Mukubwa atasoma. Ikiwa ni hadithi, kitabaki kwako. Ikiwa kuna kitu kingine, kitachukuliwa."

"Na utajuaje kwamba nasoma kilichoandikwa?"

Gérard akamgeukia binti yake. "Huyu atakaa katikati."

Walianza Jumatatu, saa ya kutoka ofisini. Gérard alikaa kwenye kigoda na daftari jipya. Léocadie alisimama mlangoni, rozari mkononi, kwa kuwa hakukubali mtoto aje bila yeye. Waridi alisoma polepole, Gérard akaandika, na kila ukurasa ulipokwisha Odile alisoma maandishi ya baba yake kwa sauti ili Waridi ahakikishe hakuna kilichoongezwa. Maana Waridi alihofia hilo kuliko yote. Yeye hakuzijua herufi za misioni. Karani angeweza kuandika jambo lolote, na kusema limetoka kinywani mwake.

Basi watu wawili wazima waliviziana, na kati yao wote mtoto mmoja tu ndiye aliyejua kusoma pande zote mbili.

Siku ya kwanza ilipita vyema. Siku ya pili Zuhura alivuka mto, akalala kwenye kijiji cha wavuvi. Siku ya tatu Waridi alifunua karatasi, akatulia kidogo, akasoma: "Kulipokucha Zuhura aliondoka, akamkuta bibi mmoja akitwanga mpunga."

"Umeruka," alisema Odile.

Kalamu ya Gérard ikasimama.

"Umeruka kurasa mbili, Mama Waridi. Kabla ya bibi kuna—" Mtoto aliona kalamu imesimama. Hakuwa na nia ya kumchongea mtu. Alikuwa amekaa kimya kuhusu vitabu viwili vya chunguni, kwa sababu hiyo ilikuwa siri ya Waridi. Lakini hadithi iliyokatwa katikati hakuweza kuivumilia. Alidhani vidole vimeteleza tu.

"Mama Waridi," alisema Gérard, "umeruka ao mutoto amekosea?"

Neno moja lingetosha. Amekosea. Ni mtoto wa miaka kumi, amejifunza juzi juzi, nani angeshangaa? Na kitabu kingepona. Waridi alimtazama Odile, akaona jinsi uso wake ulivyoanza kuwaka kwa aibu. Mtoto alikuwa akitafuta kosa lake mwenyewe ukurasani, akipitisha kidole mstari kwa mstari. Waridi aliufahamu uso ule. Msomaji anayeambiwa kwamba hakuona alichokiona, hafungui tena kitabu.

"Hakukosea. Nimeruka mimi."

"Odile, soma."

Odile alisoma: "Hapo Zuhura aliwaona watu wa Kabambare wamefungwa kamba shingoni. Waliowafunga walivaa kanzu safi, na walikuwa watu wa mji wetu, na mmoja alikuwa mjomba wangu. Asubuhi waliwahesabu arobaini. Jioni waliwahesabu thelathini na saba, wala hakuna aliyeuliza watatu wamekwenda wapi."

Mlangoni, Léocadie aliacha kuzihesabu shanga zake.

"Koko yangu, mama ya mama yangu, alisema hivyo," alisema. "Kamba shingoni. Alisema hivyohivyo, na watu wa hapa wanakataa mpaka leo." Alimwangalia Waridi. "Baba yako aliandika haya? Musilamu wa Kasongo?"

"Aliandika."

Gérard alikuwa amekwisha kuchovya kalamu. "Sasa kwa nini ulificha? Mama Waridi, haya hayana hatari. Ofisini watayapenda! Wao wenyewe wanafundisha hivyo shuleni. Wakiona kitabu cha Kiarabu kinasema hivi, hawatakigusa."

"Najua watayapenda. Ndiyo sababu nimeruka. Baba yangu hakumwandika mjomba wake ili wao wafurahi." Akamgeukia Odile. "Soma na ukurasa wa pili."

"Mama Waridi..."

"Soma. Umesema nimeruka mbili."

Odile akasoma: "Kisha walikuja wenye viatu na bendera, wakapigana na wenye kanzu, wakawashinda. Wale thelathini na saba walishangilia. Mwenye viatu alikata kamba shingoni mwao, akasema, Ninyi ni watu huru. Kesho yake aliikusanya kamba ileile, akawafunga nayo mizigo ya hema zake mgongoni, akawahesabu."

Kwa jirani, mchi wa Fatuma uliendelea kutwanga.

Gérard alifuta ncha ya kalamu polepole kwenye kile kitambaa chake. Kama angeandika ukurasa wa kwanza peke yake, kitabu kingesifiwa na Mwalimu Lukumani angekuwa shahidi wa wazungu. Kama angeandika zote mbili, kitabu kisingerudi, na karani aliyeyaandika maneno hayo kwa hati yake nzuri angeulizwa mengi.

"Andika yote ao usiandike kitu," alisema Léocadie kutoka mlangoni. Mumewe alimgeukia kwa mshangao. "Mbona unaniangalia? Koko yangu alifungwa na kamba zote mbili."

Gérard alifunga daftari. "Kesho nitaleta daftari la pili. Moja la ofisi, lile halitakuwa na kurasa hizi. Moja la Odile, lenye yote."

Waridi hakumwamini. Alisema "Asante, Baba Odile," kwa adabu, na walipoondoka alikibeba chungu hadi kwa Fatuma na kukifukia ndani ya mpunga. Kitabu kinene alibaki nacho, kwa sababu tayari kilikuwa kimeonekana. Siku mbili zaidi walikaa hivyo, madaftari mawili yakijazwa. Gérard aliondoka na lile la ofisi kwenye mkoba wake wa ngozi, na Waridi akabaki kusikiliza barabara.

Juma lile mikate yake iliungua mara tatu. Kila kishindo cha kiatu kilimwinua. Odile hakuja, na hilo lilimsumbua zaidi. Aliwaza kwamba wamemfungia mtoto nyumbani wakimhoji, au kwamba baba yake amekwisha kusema yote na sasa anaona haya kupita njia ile. Alikumbuka jinsi Gérard alivyoyasifu maneno ya ukurasa wa kwanza. Alijiona mjinga. Neno moja tu lingemwokoa, na yeye hakulisema.

Siku ya tisa walifika wote watatu. Gérard alitoa daftari la ofisi mkobani.

"Tulimuzuia mutoto mpaka Bwana Mukubwa ajibu. Amesoma kurasa ine, akapiga miayo, akatia muhuri. Amesema hadithi za watoto zikae kwa watoto."

"Amesema hivyo wapi?"

"Hapa. Ameandika chini, na kwa Kiswahili."

Waridi aliitazama alama ya zambarau na mstari mmoja wa wino uliolala. Vingeweza kuwa chochote. Hakumpa Gérard daftari alisome. Alimpa Odile, na mtoto akisoma, Waridi hakuangalia karatasi. Aliangalia uso wake.

"Hadithi za watoto. Mwenye kitabu akae nacho," alisoma Odile.

"Rudia."

Akarudia. Ilikuwa ileile.

"Baba Odile," alisema Waridi, "wewe kaa pale, nje, penye mwanga, nione mikono yako. Mama Odile, kuna mikate ya moto, na hakuna kitu ndani yake isipokuwa mchele na sukari."

"Nitaonja kwanza wewe ukila," alijibu Léocadie, akakaa.

Waridi alikifungua kitabu kinene pale bibi alipokuwa akitwanga mpunga, akamwekea Odile magotini. Safari hii hakushika ukingo wa ukurasa kwa kidole chake. Alirudi kwenye unga, akaukanda, akasikiliza kama kuna neno litakalorukwa.